Karani wa Simu na Swichi



Tuanzie Manyoni, mkoani Singida, kwenye Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na nguzo za waya wa simu zikafuatana nayo. Enzi za simu ya maandishi, karani hakupeleka maneno matupu. Alitanguliza idadi yake, na mwenzake wa upande wa pili akishapokea, naye anahesabu. Chukua simu hii, anwani tuiache: NJOO UPESI MAMA MGONJWA. Yakifika maneno matatu, karani anajua moja limedondoka njiani, anaomba arudiwe kabla karatasi haijamfikia mwenyewe. Nawaheshimu sana makarani wale. Ila hesabu yao ilikuwa na tundu: MGONJWA likigeuka MZIMA, maneno bado ni manne, na mtoto wa watu hafungi safari.

Tundu hilo lilikuja kuzibwa kwa kugawanya. Mwaka 1961 Mmarekani W. Wesley Peterson alieleza namna ya kuuchukua ujumbe, ambao kwa mashine ni mfululizo wa sifuri na moja, kuugawanya kwa kigawanyo walichokubaliana watumaji na wapokeaji, kisha kinachobaki kikaandikwa mkiani. Anayepokea anagawanya upya. Masalio yakitofautiana, kitu kimeharibika.

Ndivyo inavyofanya swichi, kile kisanduku chenye taa za kupepesa kinachounganisha kompyuta ofisini. Data hupita humo kwa vifurushi viitwavyo fremu. Kichwani mwa fremu kuna anwani ya mpokeaji na ya mtumaji, kila moja baiti 6. Mkiani kuna masalio, baiti 4. Swichi husoma mtumaji ili ikumbuke yuko kwenye tundu lipi la kebo, halafu hutafuta tundu la mpokeaji. Isipomjua, hupeleka kwenye matundu yote isipokuwa lile fremu ilikotokea.

Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana huko Marekani ilitoa swichi yenye haraka: ikishasoma anwani tu, inaanza kupeleka, mkia ukiwa bado haujaingia. Kasi ilipatikana, lakini fremu mbovu nazo zikawa zinapita. Ndiyo maana swichi nyingi hungoja fremu iingie yote, zikague, ndipo zipeleke. Mimi niko upande wa zinazongoja.

Na hapa swichi inaachana na karani wetu: haiombi kurudiwa. Fremu mbovu huitupa kimya. Karani wa soko la vitunguu la Misuna, Singida, akituma kwa kompyuta hesabu ya magunia 80 kwenda Dar es Salaam, na fremu ikaharibika kwenye kebo, kompyuta yake ndiyo inayoona jibu la kupokelewa halijarudi. Inatuma tena, na magunia yanafika 80.