TIBA YA NAFSI KWA VITENDO: MAANA YAKE NA NAMNA YA KUMPATA MTAALAMU

(Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)





Naomba nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, mtumishi mmoja wa ofisi niliyokuwa nikiiongoza alinusurika katika ajali ya chombo baharini. Alirejea kazini, akakaa mezani pake, akafanya shughuli zake. Usiku alikuwa halali. Akiulizwa hali yake, alijibu kwa neno moja tu: "Mzima." Mimi nilimwita nikamwambia ajikaze, na amshukuru Mungu aliyembakisha. Nilidhani nimemfariji, kumbe nilimfunga mdomo. Baadaye alipata safari ya kikazi ya bara, akaenda akiwa anatetemeka, na hakurudi. Alibaki Bagamoyo kwa nduguye. Akapoteza kazi, na mama yake mzee akabaki Unguja akimngoja.

Visiwa vyetu havijasahau MV Spice Islander, Septemba 2011, wala MV Skagit, Julai 2012. Waliofariki tuliwazika na tukawaombea. Walio hai wengi wao tuliwaambia wajikaze. Ndiyo sababu nimeomba nafasi hii.

Maana ya tiba hii

Tiba ya nafsi iliyozoeleka ni ya mazungumzo: mgonjwa hueleza, mtaalamu husikiliza na kuuliza. Tiba ya nafsi kwa vitendo huongeza njia nyingine. Mgonjwa, akiongozwa na mtaalamu, huchora, huigiza, hupiga ngoma, hufinyanga udongo, au hulikaribia kidogo kidogo jambo analoliogopa. Hapatafutwi picha nzuri wala ngoma iliyonoga. Hutazamwa yale yanayomjia mtu moyoni wakati anatenda, na baadaye yakazungumzwa. Yapo machungu ambayo ulimi hauyafikii; mkono na mwili huyafikia kwanza.

Chukueni mfano wa tiba ya maigizo, ambayo mwasisi wake ni Jacob Moreno, daktari aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889 na baadaye akahamia Marekani. Kikao chake kina hatua tatu. Kwanza, watu huchangamshwa na kuwekeana masharti, hasa sharti la siri. Pili, mmoja wao huigiza jambo lake. Pengine huzungumza na kiti kitupu, kana kwamba amekikalia marehemu ambaye hakupata kumuaga. Tatu, waliokuwapo hueleza jinsi jambo hilo lilivyowagusa katika maisha yao wenyewe, bila kumhukumu mwenzao wala kumpa mawaidha. Mawaidha ndiyo niliyompa mimi mwenzangu.

Fikra hii si ngeni nchini. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilipata kijiji chake cha Hombolo, na Muhimbili ikapata kijiji cha Vikuruti, ili wagonjwa wanaopata nafuu warejee katika kilimo na kazi za mikono kabla ya kurudi makwao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Ulaya, lilitoa taarifa iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 juu ya sanaa na afya, ikaonyesha kwamba sanaa ina nafasi yake katika kinga na matibabu. Hata hivyo, tiba hii haiondoi dawa pale dawa inapohitajika.

Yaliyopo pwani ya Bagamoyo

Ndugu zetu wa mwambao wa Bagamoyo wanajua tangu zamani kwamba mtu hufundika kwa kutenda. Kwa Wakwere na Wazaramo, mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akakitunza kama mtoto. Katika miaka ya 1980, Profesa Penina Muhando Mlama na wenzake walifanya kazi na wanakijiji wa Msoga, wakati huo kikiwa ndani ya Wilaya ya Bagamoyo, wakitumia ngoma na michezo ya kuigiza kuyaweka hadharani matatizo ya kijiji chao na kuyajadili. Kazi ile ilikuwa ya maendeleo, si ya matibabu. Lakini ilithibitisha kwamba jambo lisilosemeka mkutanini huweza kusemeka uwanjani.

Aidha, mji wa Bagamoyo una Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Hapa naomba tuelewane vizuri. Msanii hodari si lazima awe tabibu wa nafsi. Ngoma inaweza kumfungua mtu aliyeumia, na akishafunguka lazima awepo anayejua la kufanya. Vivyo hivyo kwa ngoma za pepo. Sikuja kuzibeza, wengi wamepata faraja humo. Nasema tu kwamba anayeugua anastahili pia kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili. Ngoma tunayo, wa kutafutwa ni mtu aliyefunzwa kuiongoza kwa ajili ya tiba.

Namna ya kumpata mtaalamu

Anzeni hospitali. Kwa Unguja ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu; kwa aliye Bagamoyo, Hospitali ya Wilaya, kisha Tumbi iliyopo Kibaha, au Muhimbili. Ombeni kuonana na daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia au muuguzi wa afya ya akili, mkamwuliza kama anatumia vitendo katika tiba yake au anamfahamu anayetumia. Hospitalini mtasikia pia "tiba kwa vitendo" kwa maana ya fani ya kumrejesha mgonjwa katika shughuli zake za kila siku, mathalani baada ya kiharusi. Fani hiyo ni jamaa ya hii, ila si lazima iwe ndiyo mnayoitafuta.

Mkishampata mtaalamu, muulizeni haya:

1. Amesomea nini, wapi, na amesajiliwa na baraza gani?
2. Nani humsimamia au humshauri anapokwama?
3. Siri ya mgonjwa italindwaje, hasa katika kikundi?
4. Je, mgonjwa anaweza kukataa zoezi au kusimama katikati?
5. Vikao ni vingapi, na gharama yake ni kiasi gani?

Jitengeni na anayeahidi kuponya kwa siku moja, anayeamrisha dawa za hospitali ziachwe, anayemlazimisha mtu kusimulia, au anayepiga picha za wagonjwa na kuzisambaza. Na mtu akisema anataka kujitoa uhai, msingoje kikao cha tiba wala siku ya miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Hitimisho

Mwenzangu yule alimpata muuguzi wa afya ya akili. Kwa vikao vya mwanzo hakusema lolote juu ya bahari. Alichora tu, na kila picha ilikuwa ya mlango uliofungwa. Kisha walipanga viti chumbani mfano wa chombo, akaonyesha alipokuwa amekaa, na nani alikuwa ubavuni pake. Siku hiyo ndipo alipolia. Baada ya wiki nyingi waliteremka pwani, zinapofikia jahazi. Siku ya kwanza aligusa ubavu wa jahazi tu, akarudi. Hatimaye alivuka, akamkuta mama yake yu hai. Usingizi wake haujatengemaa wote hadi leo, hasa upepo unapovuma. Lakini anavuka.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Naongeza kwamba si mgonjwa pekee anayeyaficha. Hata sisi wakuu wa kazi tunamsaidia kuyaficha tunapomwambia ajikaze. Nawaombeni kila mkuu wa idara atakaporudi ofisini kesho amtazame yule anayejibu "Mzima" kwa haraka, amwulize mara ya pili, kisha ampe ruhusa ya kwenda hospitali.