Hopsi chunguni: mmea unaodhaniwa kufa

Kila majira ya baridi yanapoingia Uingereza, mimea mingi hutupwa jalalani ingali hai. Mmojawapo ni hopsi, mmea upandao juu ya kamba, ambao maua ya jike lake huipa bia uchungu na harufu. Katika jimbo la Kent, hopsi imelimwa tangu karne ya 16. Wakazi wa mijini wasio na mashamba nao huipanda katika vyungu, wengine kwa ajili ya kivuli chake tu. Kwa mtu aliyelelewa Tanga au Mombasa, mmea uliokauka hadi usawa wa udongo ni kuni. Kwa hopsi, hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mche huanza kama kipande cha shina la chini ya udongo, mfano wa tangawizi. Hutiwa kwanza katika chungu cha lita 2 hivi, chenye mboji na matundu ya kutolea maji. Kipande hicho kikitiwa mara moja katika pipa kubwa, udongo mwingi hubaki umelowa bila mizizi ya kuyanywa maji hayo, na uozo huanza. Mizizi inapochungulia matunduni, ndipo mche huhamishiwa chombo kikubwa zaidi, hadi kufikia lita 50 au zaidi.

Katika mwaka wa kwanza, kazi kubwa ya mmea hufanyika chini ya udongo. Mkulima mwenye busara hatarajii mavuno, wala hapunguzi machipukizi, kwa kuwa kila jani huilisha mizizi. Machipukizi huelekezwa kwenye kamba, yakizungushwa kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, kama yanavyojizungusha yenyewe. Wakati wa kiangazi chungu huweza kuhitaji maji kila siku. Kidole kikitiwa udongoni hutoa jibu la hakika. Upande wa chini wa majani nao hukaguliwa, kwani ndiko wajifichako vidukari na utitiri.

Mapukutiko yanapowadia, majani hugeuka manjano. Mashina hayakatwi yangali mabichi, kwani akiba ya chakula huwa inateremka mizizini. Yakishakauka kabisa, hukatwa karibu na udongo, na chungu huonekana kitupu.

Hapo ndipo makosa mawili hutokea. Wa kwanza hukitupa chungu. Wa pili, kwa huruma, huendelea kumwagilia kama ilivyokuwa mwezi wa saba, akaiozesha mizizi iliyolala. Mmea hauhitaji zaidi ya unyevu kidogo, ili udongo usikauke kabisa. Tena mizizi ya chunguni hupigwa na jalidi kuliko ile ya shambani. Kwa hiyo chungu husogezwa ukutani, huvikwa gunia, na huinuliwa juu ya matofali ili maji yasituame. Hakiingizwi sebuleni penye joto, maana huu ni wakati wa hopsi kulala.

Machipuko yanaporejea, mara nyingi kati ya mwezi wa tatu na wa nne, ncha ndogo za rangi ya zambarau huupasua udongo. Wakati huo, aliyekitupa chungu chake huwa yuko dukani akinunua mche mwingine.