Nyama ya Nyumbu na Simu ya Wakili

Msikilizaji, ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba aliyekamatwa na nyama ya nyumbu ameachiwa huru, usikimbilie kusema hakimu kala rushwa. Hapa Simiyu, mkoa unaopakana na Serengeti na wenye Pori la Akiba la Maswa, kesi ya nyara inaweza kufa siku ile ile ya kukamata.

Nyama haingoji tarehe ya kesi, inaoza. Basi askari anajaza fomu ya orodha ya vielelezo, anaipeleka kwa hakimu, amri ya kuteketeza inatoka, nyama inafukiwa. Kila kitu shwari, ila mtuhumiwa kaachwa mahabusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilisema wazi: mtuhumiwa awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla ya amri hiyo. Asipokuwepo, fomu haimbani.

Kosa hilo lingezuilika mapema: sheria ya mashtaka ya mwaka 2008 ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka jukumu la kuratibu upelelezi. Yaani Wakili wa Serikali, anayemwakilisha, hakuwekwa pale angojee jalada mezani. Kwangu mimi, simu moja ya askari kwa wakili, nyama ikiwa bado kwenye kiroba, inashinda hoja zote za baadaye kwenye rufaa. Na wakili naye aipokee, hata Jumapili usiku.

Ndugu zetu askari wa Bariadi, Itilima na Meatu: nyama ikienda kwa hakimu, mtuhumiwa naye aende.