Kurejesha Nafasi ya Diski Inayoliwa na Kontena Pasipo Kupoteza Data: Mada kwa Warsha ya Mafundi wa Mifumo ya Taarifa, Jebel, Juba



Nimeombwa nizungumzie namna ya kurejesha nafasi kwenye kompyuta na seva zinazoendesha kontena. Maoni yaliyomo ni yangu na yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi ninayoitumikia.

1. Maana ya maneno

Nitapita haraka kwa kuwa sote tunayajua. Imeji ni kifurushi cha programu pamoja na vyote inavyohitaji ili ifanye kazi. Kontena ni imeji iliyowashwa. Volyumu ni mahali ambapo data hukaa nje ya kontena, ili kontena ikiondolewa data ibaki. Kache ya ujenzi ni mabaki ya hatua za kutengeneza imeji, yanayotunzwa ili ujenzi unaofuata uwe wa haraka. Docker, chombo tunachokitumia wengi wetu, kilitangazwa Machi 2013, na kwenye Linux kwa kawaida huweka vyote hivyo chini ya /var/lib/docker.

2. Nafasi inakwenda wapi

Amri ya docker system df huonyesha kiasi kinacholiwa na imeji, kontena, volyumu na kache, na ni kiasi gani kinaweza kurudishwa. Ukiongeza -v utaona kimoja kimoja. Amri hii haifuti chochote. Haihesabu logi, na logi ndizo zinazokula diski za seva nyingi, kwa sababu kwa mpangilio wa awali Docker huandika logi za kila kontena bila kikomo.

3. Amri inayotuumiza

Hapa ndipo ninapoomba muda wenu, mwenyekiti akiniruhusu. Diski ikijaa, ushauri unaotolewa kila mahali ni mmoja: docker system prune -a --volumes, na mara nyingi huongezwa -f ili hata swali la uthibitisho lisiulizwe. Kwa msanidi aliye kwenye mji wenye umeme usiokatika na intaneti ya bei nafuu, ushauri huo hauna hatari kubwa. Kwa Juba ni hatari, na sababu zake ni za kiufundi kabisa.

Docker haijui kitu gani ni muhimu. Inajua tu kipi kinatumika sasa, na kontena iliyozimwa huhesabiwa kuwa haitumiki. Umeme ukikatika kabla jenereta haijawashwa, seva huanguka. Ikiamka, kontena ambayo haikupewa agizo la kujiwasha upya hubaki imelala. Fundi anaingia asubuhi, anakuta diski imejaa, anapiga amri ile. Docker inaanza kwa kuondoa kontena zote zilizolala. Sasa imeji zake hazina mwenyewe, nazo zinafutwa. Volyumu zilizokuwa zimeunganishwa na kontena hizo pia hazina mwenyewe. Mfumo uliokuwa hai jana jioni umeondoka wote, na hakuna hitilafu yoyote iliyotokea. Chombo kimefanya kama kilivyoamriwa.

Nitaambiwa kuwa toleo la 23, lililotoka mwaka 2023, lilirekebisha jambo hili. Ni kweli kwa sehemu. Tangu toleo hilo, usafishaji wa kawaida hauzigusi volyumu zilizopewa jina na huondoa zile zisizo na jina tu. Lakini imeji rasmi ya PostgreSQL imejitangazia volyumu yake ya data. Ukiiwasha bila kutaja volyumu, Docker inakutengenezea moja isiyo na jina la maana, yenye herufi na tarakimu 64. Ripoti za kituo cha afya zinaingia humo miezi na miezi, na anayepitia orodha ya volyumu hawezi kuitambua. Hiyo ndiyo inayofutwa hata na toleo jipya. DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya ya Sudan Kusini huutumia kwa takwimu za afya, huhifadhi data kwenye PostgreSQL. Anayeufanyia majaribio kwa kontena kwenye kompyuta yake, kisha majaribio yakageuka kuwa kazi ya kweli, yumo katika hatari hii. Na majaribio kugeuka kazi ya kweli ni jambo la kila siku katika ofisi zetu.

Hasara ya pili ni ya fedha. Kebo ya intaneti ya kampuni ya Liquid iliingia Juba kupitia Uganda Februari 2020. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na vituo vingi vya majimboni bado vinaitegemea. Imeji kamili ya Python ina takriban GB 1. Ukiifuta bila haja, utainunua tena kwa bando. Tena, tangu Novemba 2020 Docker Hub, hifadhi ya mtandaoni ya imeji, imeweka kikomo cha kushusha imeji 100 kila saa 6 kwa asiyejitambulisha, na huhesabu kwa anwani ya intaneti. Ofisi nzima inayotoka kwa anwani moja inagawana kikomo hicho.

Kwa nini basi watu wenye ujuzi wanaendelea kuipiga? Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa ni kompyuta za Windows. Docker Desktop huko huweka kila kitu ndani ya faili moja la diski pepe. Faili hilo hukua, ila kwa kawaida halipungui lenyewe. Fundi anafuta kwa uangalifu, anatazama diski C, haoni mabadiliko, anafuta zaidi, mwisho anafuta vyote. Nafasi ilikwisha kupatikana tangu mara ya kwanza, lakini ndani ya faili. Ilibaki kuzima kwa wsl --shutdown na kulibana faili kwa compact vdisk ndani ya diskpart.

4. Mapendekezo

Kila volyumu yenye data ipewe jina linaloeleweka, na kila kontena ya kazi iwashwe kwa --restart unless-stopped. Haya mawili yatangulie mengine yote.

Usafishaji uanze na docker system df -v, si na ufutaji. Kisha futa kwa mpangilio: docker builder prune, halafu docker image prune bila -a, ambayo huondoa imeji zilizopoteza jina tu. Kontena zilizolala zitazamwe moja moja kwa docker ps -a.

Chaguo la --volumes lipigwe marufuku kwenye seva za kazi. Chaguo la -f pia. Anayeona lazima kufuta volyumu achukue kwanza nakala kwa pg_dump, nakala hiyo ijaribiwe kwenye mashine nyingine, na apate idhini ya maandishi.

Logi ziwekewe kikomo kwenye daemon.json, kwa mfano max-size ya 10m na max-file ya 3. Mpangilio huo huzishika kontena zinazoundwa baada yake, si zilizopo.

Ofisi zenye mashine nyingi ziweke hifadhi ya ndani ya imeji inayoshusha mara moja na kuwagawia wote. Kwa vituo vya mbali, docker save na flashi vinatosha: imeji inasafiri kwenye gari lililokuwa linakwenda huko.

Wasanidi waanze na imeji za slim, ambazo kwa Python ni chini ya MB 200, na wajenge kwa hatua nyingi.

Watumiaji wa Windows wafundishwe kubana faili la diski pepe kabla ya kufundishwa kufuta.

Narudia kuhusu majina ya volyumu, kwa kuwa pendekezo hili halina gharama yoyote na limesubiri muda mrefu. Naziomba taasisi zilizowakilishwa hapa zitoe agizo la maandishi kwamba hakuna data ya mgonjwa wala ya mwanafunzi itakayowekwa kwenye volyumu isiyo na jina, na zimtaje mtu mmoja katika kila ofisi atakayewajibika kuhakikisha hivyo.