Watabiri wa Anguko la China

Ni mataifa machache makubwa ambayo yametabiriwa kuanguka mara nyingi kama China. Mwaka 2001 mwandishi wa Kimarekani, Gordon Chang, alitoa kitabu akidai kwamba utawala wa nchi hiyo usingevuka miaka kumi. Desemba ya mwaka huo huo China iliingia katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2010, badala ya kuporomoka, iliipita Japani ikawa ya pili duniani kwa ukubwa wa uchumi. Mwandishi yule akasogeza tarehe, akataja 2012. Nao ukapita.

Hata hivyo litakuwa kosa kuwacheka watabiri hao na kuyaacha mambo hapo, maana dalili wanazozitaja ni za kweli. Kampuni ya ujenzi wa nyumba ya Evergrande ilielemewa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe. Mwaka 2022 idadi ya watu wa China ilipungua kwa mara ya kwanza tangu 1961. Uchumi uliokua kwa asilimia 14 hivi mwaka 2007 ulikua kwa asilimia 5 tu mwaka 2024, kwa mujibu wa takwimu za serikali yenyewe. Lakini aliyekuwa akikimbia, akaanza kutembea, hajaanguka. Na asilimia 5 ya uchumi mkubwa huweza kuwa mali nyingi kuliko asilimia 14 ya uchumi mdogo.

Takwimu hizo nazo zina maneno. Mwaka 2007 Li Keqiang, wakati huo kiongozi wa chama katika jimbo la Liaoning na baadaye Waziri Mkuu, alimwambia balozi wa Marekani kwamba hesabu za pato hutungwa na watu. Yeye mwenyewe alitazama mambo matatu: umeme uliotumika, shehena iliyobebwa na reli, na mikopo iliyotolewa na mabenki. Miaka 10 baadaye gavana wa jimbo hilo hilo alikiri hadharani kwamba takwimu za miaka kadhaa zilitiwa uongo. Kila askari aliyewahi kupokea taarifa za doria anaijua hali hii. Taarifa ya aliyeogopa, na ya yule anayetaka kumpendeza mkubwa wake, zina ila moja: zote mbili humhesabu adui vibaya.

Kwa nchi za Kiafrika zinazochimba shaba, mabishano haya si ya vitabuni, kwani China hutumia zaidi ya nusu ya shaba ya dunia. Mapema mwaka 2011 tani moja iliuzwa karibu dola 10,000. Kufikia mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya dola 5,000. China haikuanguka mwaka huo, ilipunguza mwendo tu. Lakini mwezi Septemba kampuni ya Glencore ilitangaza kusimamisha uzalishaji kwa miezi 18 katika migodi yake ya Katanga nchini Kongo na Mopani nchini Zambia. Maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi, na kwacha ya Zambia ikashuka thamani vibaya.

Katika majira hayo hayo ya hofu, kampuni ya Kimarekani ya Freeport, iliyolemewa na madeni, iliuza sehemu yake katika mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume, huko huko Kongo. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Kichina, iliyolipa zaidi ya dola bilioni 2.6 mwaka 2016. Mgodi huo hutoa pia kobalti, madini yanayotiwa katika betri za magari ya umeme. Kufikia mapema mwaka 2018 bei ya kobalti ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu.