Minisita aulizwe Bungeni juu ya Namoya



Minisita akifika huku tunamupokea na ngoma, anatoa ahadi, anapanda gari. Nani aliandika? Lakini akisema ndani ya Palais du Peuple, neno linaandikwa, na depite anaweza kumurudishia kesho yake.

Basi leo tuna swali moja. Dhahabu ya Namoya inatoka Salamabila, kwetu Kabambare. Sheria ya madini ya 2018 inagawa redevansi hivi: 50% serikali kuu, 25% provensi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo, na 15% eneo lenyewe la machimbo. Hii 15% yetu ni pesa ngapi tangu 2018? Ililipwa tarehe gani, kwa konti gani, nani alitia sahihi? Tunataka minisita wa madini ajibu na hesabu. "Ekipe itatumwa" si hesabu.

Katiba, kifungu cha 138, inawapa madepite swali la mdomo. Kifungu cha 131 kinasema minisita akiitwa, lazima aende. Akikwepa, sahihi 50 kati ya wabunge 500 zinatosha kuanzisha hoja ya kumuondoa.

Kwa hiyo tunawaomba madepite wetu, wa kila chama: wekeni swali hili. Kikao kinafunguliwa 15 Septemba. Vijana, leteni sahihi mbele ya siku hiyo. Nyinyi mulio Kinshasa, mufuate mjadala na kuandika kila jibu.