Ndege Hairuki kwa Rubani Peke Yake

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Mosocho)

Leo nataka tuongee juu ya ndege za vita. Msishangae. Vikundi vyetu vingi havivunjwi na ukosefu wa pesa tu. Vinavunjwa na swali hili: nani anafanya kazi, na nani anapata sifa? Basi tuone wengine walivyofanya.

Vita vilipofika Kenya

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza. Waitaliano walikuwa wakitawala Ethiopia na sehemu kubwa ya Somalia, kwa hiyo vita vilikuwa mpakani mwetu. Afrika Kusini ilileta Kenya kikosi chake cha ndege namba 12, chenye ndege za kudondosha mabomu aina ya Junkers Ju 86. Ndege hizo zilitengenezwa Ujerumani, na kabla ya vita zilikuwa zikibeba abiria huko Afrika Kusini. Hebu fikirini: fundi amekabidhiwa mashine iliyotoka kwa adui. Spea ataagiza wapi? Ilimbidi atunze kila nati.

Msidhani waliobaki chini walikuwa salama. Alfajiri ya tarehe 13 Juni 1940, ndege 3 za Kiitaliano aina ya Caproni zilishambulia uwanja wa Wajir. Askari wa KAR waliuawa, ndege za kikosi cha Rhodesia zikaharibiwa, na akiba ya mafuta ikashika moto. Rubani akiwa angani yuko hatarini, ndiyo. Lakini fundi na mlinzi pia wako hatarini, tena hawana bawa la kukimbilia.

Kazi ya waliobaki chini

Ndege moja ilikuwa na watu wengi nyuma yake. Kulikuwa na fundi wa injini, fundi wa bodi na mabawa, fundi wa redio, na wale wa kupakia mabomu na risasi. Katika viwanja vya mbali, mafuta yalikuja kwa mapipa na kwa madebe ya galoni 4. Ndiyo, debe lile lile tunalopimia mahindi! Mafuta yalichujwa kabla ya kuingia kwenye tangi, maana maji au mchanga kidogo tu ungeweza kuzima injini angani. Na mnajua vumbi la kaskazini lilivyo. Linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa.

Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na daftari la kila ndege, lililoitwa Fomu 700. Kila fundi aliandika kazi aliyoifanya na kutia sahihi yake. Rubani naye alilisoma, akatia sahihi kwamba ameipokea ndege, ndipo akapanda. Hata kama rubani ni afisa mkubwa na fundi ni mtu wa cheo cha chini, ndege iliyoandikwa kuwa mbovu ilibaki chini mpaka itengenezwe.

Ndege kubwa ya Lancaster, iliyoruka kutoka Uingereza usiku kwenda Ujerumani, ilibeba watu 7. Katika kikosi hicho cha mabomu cha Uingereza, kati ya wanahewa kama 125,000 walikufa 55,573. Mafundi walikesha uwanjani wakihesabu ndege zinazorudi. Nyingine hazikurudi. Na tusisahau, yale mabomu yaliangukia pia nyumba za watu, akina mama na watoto. Mimi sisifu vita. Nasema juu ya kazi ya pamoja.

Watu wetu walikuwa wapi?

Waafrika wa Kenya karibu 98,000 waliingia jeshini katika vita hivyo. Walikuwa KAR, walikuwa madereva, na wengi walikuwa mapayonia, wale waliofyeka vichaka, kutengeneza barabara na kusawazisha viwanja. Urubani hapa Kenya ulikuwa wa Wazungu. Si kwamba Mwafrika hakuweza. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia katika ndege ya mabomu. Ilipoangushwa mwaka 1943 alifungwa Ujerumani, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni iliweka mpango wa kuwapa askari Wazungu mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika aliyetengeneza uwanja alirudi kwao bila shamba. Kuna wazee walioondoka duniani na uchungu huo.

Tunajifunza nini?

Mashine yetu ya kusaga unga inapozinduliwa, ni nani anapigwa picha? Mwenyekiti na mgeni wa heshima. Yule kijana anayetia grisi saa kumi na moja asubuhi hajulikani hata jina. Akisema, “Mkanda umechakaa, tusisage leo,” anaambiwa, “Wewe ni nani? Leo ni siku ya soko!” Mkanda unakatika, mtu anaumia, halafu kamati inatafuta wa kulaumiwa. Hapo tumekuwa kama wale wakoloni: kazi ni yako, faida ni yangu.

Ndugu zangu, daftari la mashine ni shilingi chache tu. Liandikwe tarehe, kazi iliyofanyika, oili iliyowekwa, na sahihi ya aliyefanya. Mwenyekiti asome na yeye atie sahihi. Na fundi akisema mashine isimame, isimame.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kikundi chetu, ni nani anafanya kazi isiyoonekana? Tutaje majina.
2. Faida ikigawanywa, mtu huyo anapata nini?
3. Je, fundi wetu anaweza kumwambia mwenyekiti “hapana” bila kuogopa?
4. Daftari la mashine litaanza lini, na nani atalitunza?